Uzoefu wangu na diski za grinda: nilizotupa na nilizobaki nazo

Karakana yangu iko Tabata, Dar es Salaam. Ni banda la mabati lenye mlango mmoja, meza ya chuma niliyoiunda mwenyewe, na mwembe wa jirani unaotupa kivuli mchana. Tunatengeneza mageti, grili za madirisha, vitanda, na mara mojamoja reli za ngazi za stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi. Tuko watatu: mimi, mshirika wangu, na dogo anayejifunza kazi. Grinda, yaani mashine za mkono zinazozungusha diski ya kukata au kusaga chuma, tunazo mbili. Ya kila siku ni Makita ya inchi nne na nusu (diski ya milimita 115), wati 720, mizunguko 11,000 kwa dakika. Ile kubwa ya inchi tisa (milimita 230) hutoka stoo tukipata chuma kinene tu. Kwa hiyo anayekata pleti za milimita 12 kutwa nzima asinibishie, kazi zetu hazifanani.

Miaka mingi nilikuwa nanunua diski kama mtu anavyonunua kiberiti. Nimekwenda eneo la Gerezani hapa mjini kuchukua skwea paipu (bomba la pembe nne), nikipita dukani nasema "nipe na diski za kukatia", napewa, nalipa, naondoka. Zikisumbua namlaumu dogo kwamba anakandamiza sana. Na kweli alikuwa anakandamiza, maana diski ilikuwa haili chuma.

Kilichonibadilisha ni geti moja la mita nne. Boksi langu la diski za bei ya chini lilibakiwa na moja tu katikati ya kazi, Jumapili, duka nililozoea limefungwa. Duka lililokuwa wazi lilikuwa na Bosch Rapido tu, za unene wa milimita 1, zinakuja kumi ndani ya kopo la bati. Bei ilinifanya nimuulize muuzaji mara mbili. Moja ilikuwa karibu na bei ya mbili na nusu za zile nilizozoea. Kwa uchungu wa hela nikaamua kuhesabu. Nikachukua chaki, kila kipande cha skwea paipu kikidondoka napiga mstari kwenye bati la ukuta. Paipu ni ya 40 kwa 40, unene milimita 1.5, mkono ni wangu, grinda ni ileile.

Diski ya bei ya chini niliyokuwa nimebakiwa nayo ilifika mistari 11, ikawa imebaki ukubwa wa kisosi, grinda yenyewe inaanza kugusa paipu kabla diski haijafika chini. Ya milimita 1 ilifika 38. Ile mistari ya chaki ilikaa ukutani mpaka mvua za masika zikaifuta, na kila fundi mwenzangu aliyepita nilimwonyesha kama picha ya harusi.

Idadi ya mikato si habari yote. Ile ya kwanza ilikuwa imeandikwa 1.2 kwenye karatasi yake, lakini nilipoweka kalipa, kile kipimo cha unene, nikakuta 1.5 upande mmoja na 1.7 upande wa pili. Diski isiyo sawa unene inatikisa grinda, na baada ya saa moja vidole vimekufa ganzi mpaka kushika kikombe cha chai unakishika kwa mikono miwili. Tena inachoma chuma. Ukingo wa paipu unatoka na rangi ya bluu, na kwa ndani kunabaki ndimi kali za chuma ambazo lazima mtu azisage kabla ya kuchomelea. Ile nyembamba inapita kama sekunde kumi na tano, ukingo msafi, unaweka paipu kwenye pembe na kuanza kuchomelea. Ni hesabu nyepesi tu: diski nyembamba inakula chuma kidogo kuliko nene kwenye mfereji wake, kwa hiyo moto ni mdogo na mota haichoki. Tangu tubadilishe, kaboni za ile Makita, zile brashi zinazopeleka umeme kwenye mota, zinakaa muda mrefu kuliko zamani, na uniti za LUKU siku za kukata haziishi kwa kasi ile. Hili la LUKU sijalipima, lakini mlipaji ni mimi.

Ubaya wake nao upo. Diski ya milimita 1 haitaki mkono unaoyumba. Ukiipindisha ndani ya mfereji inabanwa na kuvunjika kingo. Dogo alimaliza tatu kwa asubuhi moja, zote zimemeguka kama biskuti. Sasa yeye namfungia za 1.6. Zinakwenda taratibu kidogo ila zinavumilia makosa, na siku hizi ameanza kuiba zangu nikiwa nimekwenda kula.

Jambo ambalo sikuwahi kufundishwa na fundi wangu ni kusoma maandishi ya diski. Kwenye Rapido imeandikwa WA 60 T BF, na kwa muda mrefu niliona ni namba za kiwandani tu. A ni oksidi ya alumini, punje zinazokata chuma. W ni ile nyeupe, safi zaidi. 60 ni ukubwa wa punje: namba ikipanda punje zinakuwa ndogo, kama msasa. T ni ugumu wa gundi inayoshika punje, herufi zikienda mbele gundi inakuwa ngumu zaidi. BF ni gundi ya resini iliyowekewa nyavu za nyuzi za kioo ndani ili isisambaratike. Ukikuta C badala ya A, hiyo ni silikoni kabaidi, ya mawe na zege. Niliwahi kuuziwa za C kwa ajili ya nondo, muuzaji akaniapia kuwa "zote ni moja, fundi". Nondo sita, diski ikawa imekwisha.

Ile herufi ya ugumu ndiyo iliyonirudisha shule. Kuna wakati nilipata diski ya kusagia ambayo haikuwa inaisha. Wiki ya kwanza nikaisifia kila mahali. Wiki ya pili nikagundua kwamba na welding nayo haiishi! Diski ilikuwa imeng'aa usoni kama kigae, inasugua tu, chuma kinapata moto na mshono uko palepale. Diski nzuri lazima ijile yenyewe: punje ikishakuwa butu inadondoka, inayofuata iliyo kali inajitokeza. Gundi ikiwa ngumu mno kwa chuma unachosaga, punje butu zinakaa tu. Kwa hiyo siku hizi mtu akiniambia "chukua hii, haiishi", mimi naona ananionya.

Kwa kusagia mshono nimeacha kabisa yale tunayoyaita mawe, diski nene za kusagia za milimita 6, kwenye kazi za mageti. Yana kazi yake, hasa kwenye chasi za magari na mshono mnene, ukilaza grinda kwenye nyuzi 25 mpaka 30 hivi. Lakini kwenye paipu ya milimita 1.5 jiwe linachimba, ukizubaa kidogo umetoboa. Natumia diski za msasa, zile zenye vipande vya kitambaa vilivyopangwa kama magamba ya samaki. Za zirkonia (aina ya punje ngumu), namba 60, kwa kazi nyingi, na 40 pale mshono ulipofura. Zile za kahawia za oksidi ya alumini ni nafuu, zinafaa kuondoa kutu na rangi ya zamani, ila kwenye mshono magamba yanaisha makali haraka. Ya zirkonia inakupa uso ulio tayari kwa rangi ya chini, hurudii tena na msasa wa mkono. Angalia tu mgongo wake: kuna zilizobebwa na karatasi ngumu nyembamba, hizo zinalegea ukizilalia. Nachagua zenye mgongo wa nyuzi za kioo.

Sasa nije kwenye stenlesi, maana huko ndiko nilikopata aibu. Tulipata kazi ya reli ya baraza kwenye nyumba Kigamboni, karibu kabisa na bahari. Nilikata na kusaga kwa diski zilezile za mageti, tukang'arisha, mwenye nyumba akafurahi, akamaliza kulipa. Haikufika mwezi wa pili akanipigia simu.

"Fundi, umeniwekea chuma gani? Reli ina madoa ya kutu."

Nilikwenda nikiamini amechanganya, au jirani kamwagia kitu. Nikakuta vidoadoa vya kahawia pembeni ya kila mshono, vimefuata alama za diski yangu kabisa, ungeweza kuhesabu nilipopita. Stenlesi yenyewe haikuwa na tatizo. Diski iliyokuwa imesaga chuma cha kawaida asubuhi ilibeba vumbi la chuma na kulikandamiza juu ya stenlesi, na upepo wa chumvi ukamalizia. Na diski zenyewe huwa na tofauti: zilizoandikwa INOX, yaani za stenlesi, zinatengenezwa bila madini ya chuma, salfa wala klorini ndani yake, vitu ambavyo vikibaki juu ya stenlesi vinaita kutu. Nilirudi siku mbili za bure na dawa ya kusafishia stenlesi, kusugua reli nzima upya. Rapido ni za INOX, kwa hiyo diski moja inafaa kwa vyote viwili, lakini ikishagusa chuma cha kawaida hairudi kwenye stenlesi. Za stenlesi nimezipaka mstari wa rangi ya kucha ya mke wangu. Bado hajajua chupa ilikokwenda.

Halafu kuna ile iliyovunjika. Ilikuwa 2023, nimechukua diski za ofa kwenye duka moja, boksi lina vumbi. Nilikuwa nakata flati baa (ubapa wa chuma), nikasikia mlio kama wa mtu aliyepasua sahani. Kipande kimoja kiligonga kava ya grinda, kingine kikatoboa ndoo ya rangi iliyokuwa hatua tatu nyuma ya mguu wangu. Nilikaa chini kidogo. Baadaye nikaokota kitovu cha diski, na kwenye ile pete ya bati inayozunguka tundu nikaona imegongwa V 04/2021. Ndiyo siku nilipojua ile ni tarehe ya mwisho wa matumizi. Diski za gundi ya resini hupewa miaka mitatu tangu zitengenezwe, kwa sababu gundi inanyonya unyevu na kupoteza nguvu. Na unyevu wa Dar mnaujua. Nami nisijitetee sana, boksi lenyewe nililiweka chini ya meza karibu na ndoo ya maji.

Nilirudi dukani na ile pete mkononi.

"Kaka, hizi zimepitwa na muda."

"Fundi, chuma hakina ekspaya bwana."

"Chuma hakina. Gundi inayo."

Alicheka, hakurudisha hela. Lakini tangu siku hiyo nikiingia anaigeuza diski mwenyewe na kunionyesha pete kabla sijauliza. Zangu sasa zinakaa ndani ya kopo lake la bati, zimelazwa, juu ya rafu. Na nikifunga mpya naiacha izunguke bure kama dakika moja, nimeielekeza mbali na watu, kabla ya kugusa chuma.

Kava iliyoniokoa siku ile ndiyo ambayo mafundi wengi mtaani kwetu wameitoa ili waweze kufunga diski kubwa kwenye grinda ndogo. Wanachukua ya inchi tisa iliyopungua, wanasema bado ina maisha. Nilimfanyia mmoja hesabu kwenye karatasi ya sigara. Diski hizi zinaruhusiwa mwendo wa mita 80 kwa sekunde ukingoni. Ya milimita 230 inafika hapo ikiwa kwenye mizunguko 6,600 hivi. Ukiifunga mpya kwenye grinda yangu ya 11,000, ukingo unakwenda zaidi ya mita 130 kwa sekunde. Hata ikiwa imepungua mpaka milimita 150 bado inapita 80. Wakati ya milimita 115 kwenye grinda hiyohiyo inakwenda mita 66 tu, ndani ya kiwango. Alisoma, akakunja karatasi, akaiweka mfukoni. Kava sijaiona ikirudi.

Kwa hiyo rafu yangu leo: kopo la milimita 1, boksi dogo la 1.6 la dogo, diski za msasa za 60 na 40, na mawe mawili ya milimita 6 kwa wateja wa chasi. Za kukatia alumini sinunui, kazi zenyewe ni chache, na diski ya kukatia chuma ukiigusisha alumini inaziba uso mara moja. Za seramiki nimejaribu moja tu ya msasa, inakata vizuri mno, lakini kwa chuma laini cha mageti sioni kwa nini nilipie bei ile.

Na kabla hujalipa, pima tundu. Grinda za milimita 115 zinataka tundu la milimita 22.23, za inchi nne zinataka la 16. Mimi nilituma bodaboda mpaka mjini, nikamwambia "za grinda ndogo", akaniletea ishirini na tano za tundu la 16. Duka halikuzipokea tena. Zinaning'inia kwenye msumari pale mlangoni, pete yake inasema bado zina mwaka mmoja, na mwenye grinda ya inchi nne akipita tutaelewana bei.