Raketi ya mbu: kabla ya kulipa, geuza kitako uone inachajiwaje

Jumapili usiku nilikwenda kuchomoa raketi ya mbu, ile ya wavu wa umeme, iliyokuwa ikichaji ukutani, ikaja na jino moja tu la plagi. Jino la pili lilibaki ndani ya soketi, limechomoza kiasi cha punje ya mchele, na swichi bado imewashwa. Mwanangu wa miaka mitatu alikuwa hatua mbili kutoka hapo, amenyoosha kidole. Nilizima swichi, nikaenda kuzima na ile kubwa ya nyumba nzima, ndipo nikalitoa jino kwa koleo, mkono unatetemeka. Raketi yenyewe ilikuwa na siku kumi na tisa tangu niinunue hapa Jinja, Uganda, kwa shilingi 28,000.

Sisi tunakaa Walukuba, ziwa liko hapo chini, na jua likishazama mbu hawapigi hodi. Shangazi yangu anauza samaki Masese, na huko nzi ndio wanaofungua soko. Kwa hiyo katika familia yetu raketi ni chombo cha kila siku kama ndoo, na mpaka sasa tumeshanunua saba. Nimezipanga hapa nikianza na ile ambayo ningeinunua tena kesho.

Volti sitaziongelea sana. Boksi hili limeandikwa 2,000, lile 3,000, jingine 4,000, na mbu anakufa kwa zote. Tochi kwenye mpini ni nzuri umeme ukikatika, basi. Ninachokitazama mimi ni kitakoni: umeme unaingia vipi?

Soketi zetu Uganda ni za matundu matatu ya pembe nne, mtindo wa Kiingereza, volti 240. Raketi nyingi madukani zina meno mawili membamba ya mviringo yanayochomolewa kutoka kwenye mpini. Hayaingii hivi hivi. Lazima uchokonoe tundu la juu kwa kalamu au njiti ya kibiriti ili milango ya ndani ifunguke, kisha uyasukume kwa nguvu. Sote tumefanya hivyo, na tumefanya mbele ya watoto wakaona. Yakishaingia hayakamatwi vizuri, kwa sababu mle ndani pametengenezwa kushika meno mapana. Weka sikio karibu utasikia *tss, tss*. Hiyo ni cheche.

Na raketi ndefu hivyo inaning'inia usiku kucha kwa meno hayo mawili, ambayo yameshikwa na plastiki tu. Wiki ya kwanza plastiki inalegea. Wiki ya pili unaanza kuikunja raketi kidogo pembeni ili taa nyekundu iwake. Chaji inaingia na kutoka, haijai. Nyingi za bei hii zina kibetri cha madini ya risasi na asidi, na betri ya namna hiyo ikiachwa bila kujaa huharibika. Watu husema, "raketi za siku hizi hazidumu." Mara nyingi ugonjwa ulianzia kwenye meno.

Nilimpelekea fundi wangu wa redio mzoga wa ile raketi, akaufungua mbele yangu. Alinionyesha kidude cha njano kikubwa kama kunde: kapasita. Hiyo ndiyo iliyokuwa inapunguza umeme wa ukutani kabla haujafika kwenye betri. Transfoma ya kutenganisha umeme wa ukutani na sehemu nyingine hapakuwa nayo. Maana yake, raketi ya namna hii ikiwa ukutani, wavu wake unaweza kuwa umeunganika na umeme wa nyumba. Mtoto akibonyeza kitufe inapochaji, au akishika wavu, si ule mshtuko mdogo wa raketi tena. Tangu siku hiyo raketi ya meno haiingii nyumbani kwangu.

Ya kwanza, na sifichi kwamba ninaipenda, ni Qualitell ya kuchajiwa kwa waya wa USB. Mdogo wangu aliniletea kutoka Guangzhou alipofuata mzigo wa viatu. Umeme wa ukutani unaishia kwenye kichwa cha chaja ya simu, chenye meno matatu ya kwetu, na kinachofika kwenye raketi ni volti 5. Umeme ukikatika naichaji kwa pawabenki, au kwa paneli ndogo ya sola ya shangazi. Haining'inii popote, inalala mezani. Nimeitumia miezi kumi na minne sasa. Ukinunua ya namna hii, angalia tundu la waya: chukua la Type-C, kwa sababu yale madogo ya zamani nayo hulegea.

Zap It! ya Marekani nayo ni ya USB na ina wavu wa tabaka tatu, tabaka za nje zikiukinga ule wa katikati. Ni nzuri, lakini mpaka ifike hapa bei imeshakuwa ya kuumiza. Kampuni ya Weidasi ina modeli nyingi, kwa hiyo usiishie kwenye jina, geuza kitako.

Ya pili ni raketi ya betri mbili za AA. Wengi huidharau kwa kuwa haichajiwi. Mimi ndiyo niliyompelekea shangazi Masese, maana pale kwenye meza yake hakuna soketi, na betri zinauzwa kila kibanda. Akimaliza kazi anazitoa zisije zikavuja. Kwa matumizi ya nje sioni ya kuishinda.

Ya tatu ni ile yenye tundu kitakoni na waya wake wa pembeni. Waya ukiharibika unabadilisha waya tu, lakini umeme wa ukutani bado unaingia ndani ya raketi.

Za meno, za shilingi 12,000 mpaka 20,000 barabarani: acha.

Ukishapata yako, usiipige juu ya chakula. Nzi anapasuka na vipande vyake vinaruka, na shangazi ameacha kabisa kuitumia juu ya samaki. Anapunga kwanza, anapiga pembeni. Usiiwashe chumba kikiwa kimetoka kupulizwa dawa ya mbu, kwa sababu gesi ya kwenye kopo inashika moto na raketi inatoa cheche. Ukiachia kitufe, wavu unaweza kubaki na umeme kwa muda, kwa hiyo kabla ya kuusafisha gusisha nyaya zake kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi, usihangaike nao kwa raketi. Hawaumi, na ni maelfu. Zima taa ya nje. Chandarua usikiache: mbu wa malaria anauma usiku umelala, na raketi haipigi ukiwa usingizini.

Sasa hawa wauzaji. Niliirudisha ile raketi kesho yake, na jino nimelifunga kwenye karatasi. Kijana wa dukani aliniambia, "Nyabo, soma risiti." Chini kabisa imepigwa muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamuuliza, hata ikitaka kuua mtoto? Akasema, "Mama, uliisukuma vibaya." Niliisukumaje vizuri, wakati haikutengenezwa kwa soketi yetu? Yeye mwenyewe alipoijaribu mbele yangu siku ya kuniuzia alitumia kalamu!

Uganda tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, na inataka kitu kinachouzwa kiwe na ubora wa kuridhisha na kifae kwa kazi ambayo kimenunuliwa kuifanya. Raketi ya kuchajiwa isiyoingia kwenye soketi ya nchi inafaa kwa kazi gani? Wanaoagiza makontena wanajua soketi zetu zilivyo. Kiwandani wakiambiwa weka tundu la USB, wanaweka. Lakini ya USB ikifika hapa, inaitwa "orijino" na kupandishwa mpaka 60,000, kama vile kutomuua mnunuzi ni huduma ya ziada.

Jino bado ninalo, liko kwenye kikombe juu ya kabati. Mwisho wa mwezi narudi pale dukani nalo, pamoja na risiti na nakala ya sheria hiyo.