Siku tisa za mafunzo ya mawasiliano Poland, na mkufunzi aliyenikatiza salamu

Nasoma Leipzig, Ujerumani, mwaka wa tatu sasa. Ndiyo maana nilipata nafasi kupitia kundi la Ujerumani, maana mipango hii ya kubadilishana vijana ya Erasmus+, ile programu ya Umoja wa Ulaya ya elimu na vijana, humtaka mshiriki awe anaishi kihalali katika nchi inayomtuma, na asizidi miaka 30. Tulikaa siku tisa kijijini, milimani kusini mwa Poland, kiangazi kilichopita. Malazi safi, chakula cha kutosha, nauli ya treni nilirudishiwa. Hayo yalikuwa sawa.

Kilichonikasirisha kilianzia kwenye masikio ya twiga.

Siku ya tatu, labda ya nne, mkufunzi aliingia ukumbini kavaa utepe kichwani wenye masikio ya twiga ya kitambaa. Somo lilikuwa njia ya Marshall Rosenberg, yule Mmarekani wa mawasiliano bila ukatili: unasema ulichokiona, unachohisi, unachohitaji, halafu ndiyo unaomba. Twiga ni alama ya anayezungumza hivyo, kwa ajili ya moyo wake mkubwa. Mbweha ni yule wa kulaumu na kuhukumu. Mimi Mtanzania, twiga ni mnyama wa taifa letu, nikahamia kiti cha mbele kabisa. Nilifurahi kweli.

Tukapangwa wawili wawili. Nilipewa kijana wa Hispania, nimwombe tubadilishane zamu ya kuosha vyombo. Nikasimama, nikaanza kama nilivyolelewa Tanga: umeamkaje, umelalaje, na dada yako anaendeleaje? Mkufunzi akapiga makofi mawili. "Hayo ni maneno ya kujaza nafasi. Twende kwenye ombi." Watu wakacheka. Nikalitaja ombi langu kwa sentensi moja, nikakaa, sikufungua tena mdomo mpaka jioni.

Maneno ya kujaza nafasi! Usiku wa kabla yake, tukisugua masufuria, kijana yule alikuwa amenieleza kwamba dada yake kalazwa. Ningemwombaje zamu ya vyombo kabla ya kumuulizia mgonjwa wake? Kwetu ukifika kwa mtu ukaanza na shida yako, umemdharau. Salamu ndiyo inayokuonyesha kama mwenzio yuko katika hali ya kuombwa kitu. Akiitikia "nzuri" kwa sauti ya chini, unalimeza ombi lako, unamuuliza kulikoni. Hiyo nayo ni njia, ina hatua zake, na bibi zetu walikuwa nayo.

Nikamfuata mkufunzi wakati wa chai. Sikutaka ugomvi, nilitaka neno moja tu, samahani. Akaniangalia kwa upole, akasema: "Nasikia kwamba umeumia kwa sababu unahitaji kuheshimiwa." Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na kahawa yake. Kanuni aliifuata yote, na mimi nikarudi na uchungu wangu vilevile.

Lakini nisiwe mwongo. Usiku uleule kijana wa Hispania alinikuta ngazini. "Ametoka hospitali," akasema. "Ni wewe peke yako uliyeniuliza." Tukakaa pale mpaka usiku wa manane, wakaja na mabinti wawili wa Lithuania, nikawafundisha kusalimia "habari za nyumbani" na jinsi ya kuitikia, nao wakanieleza kwao watu wanaulizanaje. Kufika siku ya mwisho, mezani petu hakuna aliyegusa mkate kabla ya kumuuliza jirani yake ameamkaje. Kwa saa zile za ngazini ningetoa nyota tano.

Na hapo ndipo hasira inaponirudia zaidi. Salamu ile ilikuwepo ukumbini mchana, mbele ya vijana wote, ikapigiwa makofi inyamaze. Sisi wanne tukaipata kwa bahati, wengine wakarudi kwao hawajaijua.

Ukipata nafasi, nenda. Kosa si la mpango, ni la mtu mmoja. Au ni la walioandaa pia, maana siku ya tathmini nililiandika jambo hili kwenye karatasi ya ukutani, nikalirudia kwa mdomo, na hakuna aliyelijibu. Nyota tatu. Nilikuwa nimeweka nne, nimefuta moja.

Kwenye Youthpass, cheti cha washiriki wa mipango hii, unajieleza mwenyewe ulichojifunza, umahiri mmoja baada ya mwingine. Vingine vyote nimeshajaza. Pale pa kuwasiliana na wengine bado pako wazi.