Tahadhari kwa wenye pikipiki: "ulinzi kamili" unaofungwa nyumbani kwako

Ndugu zangu mnaomiliki pikipiki, hasa mlio Tabata, Segerea na Kinyerezi jijini Dar es Salaam, naomba msome maelezo haya kabla ya kumkaribisha nyumbani fundi anayejitangaza WhatsApp kwamba anauza "ulinzi kamili wa pikipiki" kwa shilingi 180,000, yaani kifaa cha GPS, king'ora, mnyororo na kufuli mbili, gharama ya kufunga ikiwa humo humo. Jina lake silitaji kwa kuwa suala liko polisi na nimekwisha kupewa RB, yaani namba ya taarifa niliyoandikisha kituoni. Wala sisemi kwamba yeye ndiye aliyeiba pikipiki yangu. Ninaeleza alichoniuzia, na nilichokigundua nikiwa nimekwisha kuchelewa.

Pikipiki yenyewe ni Boxer niliyompa kijana kwa mkataba. Kila jioni alileta hesabu na kuilaza kwangu ndani ya geti, na ilibaki miezi minne tu iwe mali yake. Fundi alikuja Jumamosi, akafanya kazi kwa muda usiozidi saa mbili, akaniachia karatasi iliyoandikwa kwa kalamu badala ya risiti ya EFD. Kufuli moja kati ya zile mbili ilikuwa ya kufungia diski ya breki, ilhali Boxer yangu haina diski hata moja. Breki zake ziko ndani ya kitovu cha gurudumu, mbele na nyuma. Nilipomwuliza, alisema itanifaa siku nikinunua pikipiki kubwa. Hapo ndipo ningepaswa kumsindikiza getini.

Wiki ya tano tuliamka alfajiri tukakuta geti limeegeshwa, pingili moja ya mnyororo imekatwa vipande viwili, na kufuli bado limefungwa kama nilivyoliacha. King'ora hakikulia. Nilituma ujumbe kwenye laini ya GPS nikaulize pikipiki iko wapi, sikujibiwa, nikapiga, haipatikani. Fundi alipokea simu yangu ya kwanza, akasema wezi wa siku hizi ni wajanja. Tangu siku iliyofuata naye hapatikani.

Mnyororo niliupeleka kwa mchomeleaji wa mtaani. Alipitisha tupa juu ya pingili mara mbili tu, na tupa ikaacha mfereji kama inavyoacha kwenye msumari wa kawaida. Chuma kilichokomazwa sawasawa huifanya tupa iteleze bila kuacha alama ya maana, na kipimo hicho unaweza kukifanya hapo hapo unaponunua, ukiwa na tupa ndogo mfukoni.

Jambo zito zaidi, hata hivyo, ni hiyo GPS. Vifaa vingi vya aina hii vinavyouzwa kwa bei nafuu hubeba laini ya simu na kupokea amri kwa ujumbe mfupi: ukijua namba ya laini na neno la siri, unatuma ujumbe, nacho kinakurudishia kiungo cha ramani kinachoonyesha pikipiki iko wapi. Vyenye relei, yaani swichi ndogo ya umeme, huweza pia kuzima injini. Maana yake ni kwamba mtu yeyote mwenye namba hiyo na neno hilo anaweza, akiwa kitandani kwake, kujua pikipiki yako inalala wapi, na hata kukizuia kifaa kisikupe taarifa. Laini iliyowekwa kwenye kifaa changu fundi aliitoa mfukoni mwake, akasema imekwisha kusajiliwa nisihangaike, nami nikamshukuru.

Jirani yangu alifungiwa kifaa kama hicho na fundi huyo huyo, kwa hiyo tulimwita fundi mwingine akifungue. Neno la siri lilikuwa bado lile la kiwandani, 123456. Namba ya kwanza iliyoruhusiwa kutoa amri ilikuwa ya muuzaji, na ya jirani ikafuata. Jirani alipopiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, laini ya kifaa haikuwamo, na tulipojaribu kuitumia pesa likatokea jina la mtu tusiyemfahamu. Aidha, nafasi ya betri ya ndani ilikuwa tupu. Betri hiyo ndiyo inayokiwezesha kifaa kutoa taarifa kwamba waya wa umeme umekatwa. Bila hiyo, mwizi akikata waya mmoja kimekwisha.

Kwa hiyo aliyekwisha kufungiwa asiking'oe kifaa kwa hasira. Andika kwanza namba ya laini iliyomo, kisha weka laini uliyoisajili kwa alama zako za vidole, badili neno la siri na ufute namba usizozijua. Halafu chomoa waya wa betri ya pikipiki: usipopata ujumbe wa tahadhari ndani ya dakika chache, ujue ulichonacho ni boksi lenye taa. Anayetaka kununua sasa aipeleke pikipiki dukani, mahali penye risiti, badala ya kumwonyesha mtu asiyemjua geti lake, kufuli lake na kona inakolala pikipiki. Mimi nilimwonyesha vyote, na nikamruhusu apige picha kadi ya pikipiki, yenye namba ya chesisi na ya injini, eti kwa ajili ya waranti.

Ikiwa nawe una karatasi ya kalamu ya fundi huyu, ipeleke kituo cha polisi kilicho karibu nawe pamoja na namba ya laini uliyoikuta ndani ya kifaa. Mpelelezi wa jalada langu ameniambia kwamba malalamiko ya watu kadhaa yenye laini za aina hiyo yatamsaidia kuliko langu peke yake.