Kutolewa titi: upasuaji nyota tano, kuruhusiwa nyumbani nyota mbili

Mimi ni fundi cherehani, niko Tabata, kwa hiyo mtanisamehe nikianza na mshono. Siku ya tatu walipofungua bandeji nilitegemea kukuta mshono wa gunia, nyuzi nyeusi na vifundo vyake, kama ule nilioukuta kwa shangazi yangu nikiwa msichana. Nikaona mstari mmoja mwembamba, kutoka karibu na katikati ya kifua hadi kwapani, na hakuna uzi hata mmoja unaoonekana. "Sista, huyu ameshonaje?" Akacheka. Kumbe uzi umepita chini ya ngozi na unayeyuka wenyewe. Nimeshona magauni ya harusi miaka kumi na tisa. Mshono wa kuficha uliolala vile, tena kwenye kitambaa kinachopumua, mimi siuwezi.

Daktari mwenyewe sina neno naye. Kabla ya siku yenyewe nilimuuliza kwa nini asitoe uvimbe wa saratani tu, titi libaki. Hakunifukuza. Alichukua karatasi akachora. Akasema uvimbe ukiwa mdogo inawezekana, na wanawake waliofuatiliwa miaka 20 Marekani na Italia, majibu yakatoka 2002, waliishi sawasawa na waliotolewa titi zima, ila mionzi lazima ifuate. Wangu ulikuwa mkubwa ukilinganisha na titi lenyewe, na tezi za kwapani zilishaguswa. Nilichotaka kujua zaidi ni mkono, maana ndio unaonilisha. Akaniambia zamani walikuwa wanaondoa na msuli wa kifua, siku hizi msuli unaachwa. Hapo ndipo nilipotia sahihi.

Nilirudi nyumbani na dreni. Kwa asiyeijua, ni mrija unaotoka ubavuni, mwisho wake una kichupa laini cha plastiki kinachonyonya maji ya kidonda. Unabana mrija, unafungua kizibo, unamimina kwenye kikombe chenye vipimo, kisha unakibonyeza kichupa hewa yote iishe, ndipo unafunga. Usiku wa kwanza nilisahau kubonyeza. Alfajiri kichupa kimetuna kama andazi na kanga imelowa upande mzima. Nilipiga kelele mtoto akaja mbio, wakati tatizo lilikuwa hewa tu. Baadaye nikakishonea mfuko wa kitenge wenye kamba ya shingoni, kwa sababu ile pini waliyonipa ilichomoka kwenye bajaji na mrija ukavutika. Vipimo nilikuwa naandika kwenye daftari la wateja, chini ya kiuno na nyonga za mteja wa Segerea: 140, 110, 85, 60, 40, 28, 25. Walikuwa wamesema ikishuka chini ya mililita 30 kwa siku, siku mbili mfululizo, nirudi itolewe. Kutolewa kwenyewe ni kuvuta pumzi mara moja.

Sasa hizo nyota mbili. Hospitali siitaji. Siku ya kuruhusiwa nilipewa dawa, tarehe ya kliniki na karatasi ya Kiingereza, basi. Kuhusu mkono hakuna aliyenifungulia mdomo. Nyumbani, kila aliyekuja kunipa pole alinikataza kuutumia, jirani mmoja akanifungia kabisa na kanga. Nikatii, nikijua ndiyo kujitunza. Wiki ya tatu sikuweza kuchana nywele. Nikinyoosha mkono nasikia kamba kwapani, kama uzi wa chini uliokazwa mno mpaka kitambaa kikajikunja.

Kliniki daktari akaniambia niinue. Ukaishia usawa wa bega. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, kule Ocean Road, hospitali ya saratani, kwenye mionzi utalala mkono ukiwa juu ya kichwa, na usitikisike." Yaani mkono usipopanda, mionzi nayo inasubiri! Akaniandikia kwa mtu wa mazoezi ya viungo, chumba kilekile nilichokuwa nakipita kila siku nikiwa wodini.

Yule dada alinichukua dakika ishirini. Simama ukutazame ukuta, tembeza vidole kupanda kama buibui, ukifika unapovutika hesabu mpaka kumi, shuka, rudia. Mazoezi mepesi, akasema, yalitakiwa kuanza siku za mwanzo kabisa, ya kupandisha mkono yafuate dreni ikitoka. Nilirudi nikachukua chaki ya kukatia, nikawa naweka alama ukutani kila jioni na tarehe. Wapangaji wenzangu wakadhani nampima mtoto urefu. Wiki nne baadaye alama ilipita juu ya swichi ya taa, kisha juu ya kalenda, na mionzi nikaanza.

Kwa hiyo wewe unayesubiri kufanyiwa, usitoke wodini kabla hujamwona mtu wa mazoezi, hata kama itabidi usumbue. Mimi ningesumbua.

Jambo jingine alilonifundisha ni kupima mikono yote miwili kila mwezi, mahali palepale, maana tezi zikiondolewa mkono unaweza kuvimba hata miaka mingi baadaye. Tofauti ikiongezeka sentimita mbili, nisingoje. Futi ninayo shingoni kutwa. Leo asubuhi, juu ya kiwiko: kulia 29, kushoto 29 na nusu.