Vifaa vya kuungia mbao: ukiwa Kisumu, ununue kipi kwanza?

Fundi akishaanza kupata oda za meza na kabati, huwa anauliza bei kwanza. Mimi siku hizi naanza na swali jingine: nikikikuta kifaa kimekaa upande, nitaweza kukinyoosha mwenyewe? Na kikishanyooka, kitabaki hivyo?

Swali hilo lilinijia kwa uchungu. Nilinunua mashine ya biskuti ya bei kali, ile inayochimba mfereji wa kuingizia biskuti, yaani kipande chembamba cha mti cha kuungia mbao, nikaitoa kwenye sanduku na kuanza kazi papo hapo. Uso wa meza ya mahogani, mbao tano, ukatoka na ngazi kwenye kila kiungo. Nilipiga randa na msasa siku mbili. Mbao ya milimita 25 ikabaki 22.

Nilipopima kwa venia, kipimo cha sehemu ndogo za milimita, kutoka kwenye msumeno wa mashine hadi kwenye ukingo wake wa kuongozea, ule unaokaa juu ya mbao, kushoto na kulia vilipishana nusu milimita. Inaonekana ndogo, lakini ukitoboa mbao mbili kisha ukazitazamisha, mshazari wa hii hukutana na mshazari wa ile na kosa huwa maradufu. Kitabu cha maelezo kilizungumzia skrubu ya pembe tu. Basi nikafungua ukingo, nikabandika selotepu upande mmoja, nikakaza, nikajaribu kwenye vipande vya taka. Tofauti ikapungua. Nikaongeza selotepu ya pili, ikazidi. Jioni nzima ikaisha hivyo, na wiki iliyofuata mtetemo ukarudisha kosa.

Kilichoniokoa ni kuacha ukingo kabisa. Laza mbao juu ya meza iliyonyooka, uso mzuri chini, na mashine nayo ikae kwa kitako chake juu ya meza hiyo hiyo, kisha sukuma. Umbali kutoka kitako hadi msumeno umewekwa kiwandani, na kwa mbao za milimita 18 au 19 mara nyingi tundu huangukia karibu na katikati. Pangusa unga wa mbao kila mara. Punje moja chini ya kitako inatosha kuharibu.

Hata hivyo, kwa pesa ya kwanza ningechukua jigi ya doweli ya chuma inayojipanga katikati, yaani kifaa cha kuongoza drili itoboe matundu ya doweli, vile vijiti vya mviringo vya kuungia mbao. Haina ukingo wa kuhangaika nao: unaibana kwenye mbao, drili inapita kwenye bomba la chuma, kwisha. Kwa mbao ya milimita 18 tumia doweli za 8, tena zenye mifereji ubavuni ili hewa na gundi vipate pa kutokea. Doweli laini iliyobana yaweza kupasua mbao. Udhaifu wake ni kwamba mbao zikitofautiana unene, jigi hugawa tofauti hiyo juu na chini. Kwa hiyo zilinganishe kwa randa kwanza.

Ya pili naweka patasi nzuri, guniya ya kupimia pembe mraba na kichora mstari. Kwa mlango au kitanda, tundu na ulimi, ncha ya mbao moja kuingia kwenye tundu la nyingine, bado ndiyo kazi. Ulimi uwe theluthi ya unene wa mbao. Stima ikipotea, wewe unaendelea.

Mashine ya biskuti inakuja ya tatu, hasa kwa plaiwudi na nyuso pana. Wazo hilo lilitoka Uswisi, kwa seremala Hermann Steiner, katikati ya miaka ya 1950: kipande cha mti kilichoshindiliwa hunywa maji ya gundi, kikavimba na kubana. Ndiyo maana huku karibu na ziwa nahifadhi biskuti zangu kwenye mkebe wenye kifuniko. Zikinyonya unyevu kabla ya kazi, haziingii.

Jigi ya skrubu za mshazari, ile ya pembe ya nyuzi 15, ni ya haraka kwa fremu za kabati. Bana kwa klampu kabla ya kukaza, maana skrubu huvuta mbao pembeni, na kwenye saiprasi tumia skrubu zenye meno mapana. Kwenye samani za kuonekana siipendi.

Mwisho ni Domino, mashine ya kampuni ya Festool, ambayo ncha yake huzunguka huku ikiyumba kushoto na kulia, ikachimba tundu refu la ulimi huru, yaani kipande cha mti kinachoingia mbao zote mbili. Ni kazi safi sana. Lakini Marekani kwenyewe Domino ya aina ya DF 500 inapita dola 1,000, na ncha ni za kununua moja moja, milimita 4 hadi 10. Ndugu aliye huko akitaka kukuletea, mwambie mapema: za kule ni za volti 120, na ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 240 itaungua.

Yoyote utakayochagua, nenda dukani na vipande viwili vya mbao iliyopigwa randa, venia mfukoni. Omba uitoboe pale pale, uunganishe bila gundi, upitishe ukucha kwenye kiungo. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.