Darasa la kuongea mbele ya watu: sitaki kuisikia tena ile kengele

Nianze na kengele, maana bila hiyo kengele nisingesumbuka kuandika. Ni ile ndogo ya kukaa mezani, ya kubonyeza kwa kiganja. Mkufunzi wetu haendi popote bila nayo. Ukisema "eee", ting. Ukisema "yaani", ting. Ukirudia neno kwa sababu ulimi umeteleza, ting, tena anakukazia macho kuhakikisha umesikia. Vipindi vya mwanzo tulicheka wote, na mimi nilicheka, kwa kuwa zamu ilikuwa ya wengine.

Sikwenda pale kutafuta umaarufu. Kazini nilipangiwa kuwasilisha mapendekezo mbele ya wakuu wa idara, na mimi ndiye yule mtu ambaye kwenye kikao akiambiwa "jitambulishe" koo linakauka. Nikalipa ada yote kwa mkupuo, kwa sababu kulipa kwa awamu ni ghali zaidi, na sasa hivi najua kwa nini wamepanga hivyo.

Zamu yangu ikafika. Sentensi ya kwanza ilitoka vizuri kabisa. Ya pili nikasema "eee" katikati, ting. Nikashtuka, nikatafuta pa kuanzia, nikasema "eee" nyingine, ting. Kuanzia hapo sikuwa nawaona tena watu walio mbele yangu. Nilikuwa naviangalia vidole vya yule bwana juu ya kengele. Kama hujawahi kusimama hivyo, nikueleze: unaacha kufikiria unachotaka kusema, unabaki kusubiri mlio.

Ningeyamezea yote hayo. Lakini akainuka kwenye kiti, akapanda jukwaani, akasimama ubavuni kwangu na karatasi tupu mkononi, akaanza kuitetemesha, mabega yamepanda hadi masikioni, akiniigiza. Kisha akauliza kwa sauti ya kufika nyuma ya ukumbi: "Dada, unaongea au unaomba radhi?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nimesimama pale pale, kipaza sauti mkononi, kinanasa mpaka pumzi zangu.

Hakuridhika. Akawageukia wanafunzi: "Mnaona? Maneno ni asilimia 7 tu. Sauti ni 38, mwili ni 55. Huyu ameshapoteza 93 kabla hajaanza!" Watu wakaandika kwenye madaftari yao.

Naomba niishie hapo kidogo na hizo namba, kwa sababu nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ya kutosha kuzifuatilia. Zinatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno moja moja likitamkwa kwa sauti tofauti, wakaonyeshwa na picha za nyuso, halafu wakaulizwa msemaji anaonyesha kupenda au kuchukia. Hotuba haimo kabisa. Mehrabian mwenyewe amekwisha eleza kwamba hesabu hiyo inahusu hisia za kupenda na kuchukia, si mazungumzo yote. Na hata bila utafiti, jaribu kumwelekeza mgeni njia ya kwenda hospitali kwa sura na mikono peke yake, uone kama atafika na asilimia zake 93. Mtu anayelipwa kufundisha watu kuongea anawaambia maneno hayana kazi! Na hakuna aliyempigia kengele.

Halafu kila mtu akipanda jukwaani yeye anapaza sauti, "Tulia! Tulia!" Hivi kuna mtu amewahi kutulia kwa kupigiwa kelele? Mwili umeshamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, mate yamekauka, mikono inatetemeka. Alison Wood Brooks, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha utafiti mwaka 2014 uliowagusa watu wa aina yangu: kabla ya kuhutubia, wengine waliambiwa wajisemee kwamba wametulia, wengine wajisemee kwamba wana msisimko. Waliojisemea wana msisimko ndio walioonekana kujiamini na kushawishi zaidi. Moyo unakwenda mbio hata ukiwa na hamu ya jambo, kwa hiyo ni rahisi kuupa jina jipya kuliko kuuzima. Hayo niliyasoma mwenyewe, bure.

Kwa hiyo msiende. Hivyo ndivyo nilivyokusudia kumaliza, na ningemaliza hivyo kama si msaidizi wake.

Kuna kijana pale, umri wa mdogo wangu wa mwisho, kazi yake ni kufunga nyaya na kurekodi video. Baada ya kile kioja alinikuta ukumbini nakusanya vitu vyangu, nia yangu ikiwa nisirudi. Akaniambia, "Dada, kwanza hiyo karatasi iache. Karatasi nyepesi inaukuza mtetemeko, hata mkono uliotetemeka kidogo tu unaonekana kutoka mbali. Andika kwenye kadi ngumu, au weka mezani." Katika darasa zima, hicho ndicho kitu cha kwanza cha maana nilichosikia.

Tukakaa. Akanionyesha namna ya kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ninavyoivuta kabla sijafungua mdomo. Kipaza sauti nikishike chini kidogo ya kidevu, nisikiachie kishuke kifuani kila ninapogeuka, na nisikigongegonge kukijaribu. Nimtazame mtu mmoja mpaka wazo liishe, ndipo nihamie kwa mwingine, badala ya kupepesa macho juu ya vichwa vyao. Kuhusu "eee", alisema kitu ambacho bosi wake hajawahi kukisema: angalia inatokea wapi. Tukatazama video yangu, na kweli, karibu zote zilikuwa kwenye kuvuka kutoka wazo moja kwenda jingine. Pale sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimekariri mawazo, sikukariri madaraja. Dawa yake ni kuandika sentensi ya kuvukia, na ukikwama, funga mdomo unyamaze. Ukimya ambao wewe unauona mwaka mzima, msikilizaji anauona ni kituo tu.

Akanipa na zoezi la nyumbani: itazame video mara moja bila sauti, uone mwili, halafu geuza mgongo usikilize sauti peke yake. Bila sauti niligundua kwamba mguu wangu wa kulia haukai chini. Kumbe nusu ya wasiwasi ilikuwa inaonekana huko, wala si mikononi.

Siku ya uwasilishaji kazini nilisimama, nikaongea, nikaulizwa maswali, nikajibu. "Eee" zilikuwepo, wala hakuna aliyezihesabu. Wametuma barua kwamba mapendekezo yamepita na marekebisho madogo. Hapo nikalainika. Nikasema, jamani, si nimefika nilikotaka kufika? Pengine hata ile kengele ilinisukuma. Nikapanga kuwapa nyota tatu, na maneno ya heshima.

Ndipo rafiki yangu akanitumia tangazo la darasa hilohilo. Nani yuko kwenye tangazo? Mimi! Kipande changu cha video, karatasi inatetemeka, ting inasikika, na maandishi makubwa "KABLA". Kisha kipande kingine nikiwa nimesimama vizuri, "BAADA". Hicho cha pili kilirekodiwa wakati nafanya mazoezi na yule kijana, mkufunzi mwenyewe hakuwepo hata mlangoni. Sikuombwa ruhusa. Nilipolalamika kiliondolewa kimyakimya, bila hata neno samahani, na mtu wa ofisi akaniandikia kwamba nijisikie vizuri kwa kuwa mfano kwa wengine. Mfano!

Kuna watu watasema kuhesabu "eee" ni jambo la kawaida. Ni kweli. Toastmasters, chama cha watu wanaojifunza kuongea mbele ya watu kilichoanzishwa California mwaka 1924, kina mtu maalumu wa kazi hiyo kwenye mikutano yao. Lakini kwa kawaida huyo anaandika kwake, na hesabu anaisoma karibu na mwisho wa mkutano, mzungumzaji akiwa ameshamaliza na kukaa. Kumkata mtu kauli kila baada ya maneno matatu, kumwigiza, halafu kumfanya tangazo, sijui hilo linaitwa somo gani.

Nyota moja, basi, na hiyo ni ya fundi wa video. Siku akifungua darasa lake nitajiandikisha, na ada nitalipa. Kwa huyu mwenye kengele, bado nasubiri jibu la barua pepe yangu ya kudai nusu ya fedha, na safari hii nimeiandika bila "eee" hata moja.