Uende Ladakh au Spiti, nyanda mbili za milima ya Himalaya kaskazini mwa India?

Kwa kufika, Ladakh inashinda: ndege kutoka Delhi hutua Leh, mji wake mkuu, asubuhi ileile. Lakini Leh iko mita 3,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwili uliolala Delhi jana haujui hilo. Kichwa kinagonga, usingizi unakimbia. Tenga siku mbili za kupumzika kabla ya kwenda ziwa Pangong, lililo juu zaidi.

Spiti haina uwanja wa ndege. Unapanda basi toka mji wa Shimla kupitia wilaya ya Kinnaur, siku mbili au zaidi za makorongo na vumbi, ila unapanda taratibu na mapafu yanazoea. Njia fupi ya kutoka mji wa Manali hupita mlimani Kunzum, mita 4,551, na theluji huifunga majira ya baridi.

Kwa pesa, teksi za Ladakh zinauma usipopata wa kugawana naye; Spiti utalala nyumbani kwa wanakijiji kwa bei nafuu. Asiye raia wa India atahitaji kibali kwenda Pangong, na pia kuingia Spiti kwa njia ya Kinnaur.

Chui wa theluji? Hemis huko Ladakh au Kibber huko Spiti, wakati wa baridi kali. Mwenye wiki moja aende Leh; mwenye tatu na mgongo imara, Spiti.